Gaju, Gari Lililotolewa kwa Mikono Miwili

Jumatatu fundi wangu wa zamani wa hapa Mbarara alinipigia simu. Huyu si mtu wa kupiga simu ya salamu. Akipiga, ama spea imepatikana Kampala, ama kuna mtu amekufa, na kwa kuwa mimi sina gari siku hizi, nilijua ni lipi kabla hajafungua mdomo. "Sebo, ule mzee wa Gaju amekufa," alisema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Walimuleta hospitali jana, leo asubuhi amekwisha. Kesho tunaenda kuzika huko kambini, Nakivale. Wewe utapanda na sisi?" Nikamwambia nitapanda. Nilikaa kitandani na simu mkononi kwa muda, nikitafuta mara ya mwisho niliyomwona marehemu, nikakumbuka ni kwenye duka la mbegu mjini, ambako alikuwa akimsumbua muuzaji kuhusu maharage yaliyotoboka.

Marehemu hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa mkimbizi kutoka milima ya Kivu ya Kusini, shemasi wa kanisa moja la Kiprotestanti pale kambini, mfanyabiashara mdogo wa maharage na mahindi, na kwa miaka mingi mwenye gari moja dogo la Kijapani, kuukuu, la rangi ya kahawia. Gari hilo ndilo alilolipa jina la Gaju, jina ambalo wafugaji wa kwao humpa ng'ombe wa rangi hiyo. Sikuwa rafiki yake wa kutembeleana kila wiki. Tulijuana gereji, kama wanavyojuana wagonjwa wa zahanati moja, na tulizoeana kwa sababu magari yetu yote mawili yalikuwa hayaponi. Kwa hiyo ningeweza kwenda kumzika, nikatupa udongo wangu, nikarudi zangu kimya.

Lakini pale mazikoni nilisikia maneno. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, karibu na wanaume watatu waliovaa makoti mazito juani, na mmoja wao akawaambia wenzake bila hata kuteremsha sauti: "Huyu mama njo aliuzisha gari ya bwana yake, akajinunulia mashine. Ona sasa. Bwana anagonjwa, gari hakuna, banangojea asubuhi muzima mupaka gari ya kukodi ifike." Mwenzake akaguna. Wa tatu akasema, "Mungu anaona." Mjane alikuwa amekaa hatua chache tu mbele yetu, kitambaa cheupe kichwani, na nina hakika alisikia kila neno. Hakugeuka. Nilirudi Mbarara nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika safu ya leo. Watu wale wanasema kuwa mwanamke alimnyang'anya mumewe gari na kumuua kwa kukosa gari. Mimi gari hilo nalijua, na nilikuwapo siku lilipobadilisha mmiliki, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Nianze na gereji. Ni uwanja tu wa udongo uliokuwa mweusi kwa oili, chini ya mlima wa Kamukuzi, wenye mti mmoja wa kuning'inizia injini na mabati mawili ya kujikinga mvua. Mimi nililelewa Makenke, kwenye nyumba za askari, ambako kila kitu kilihesabiwa: watu gwarideni, mablanketi, masufuria, hata vijiko. Baba yangu alihesabu mayai ya kuku wake kwa sauti ya sajini. Nimekua hivyo, na mpaka leo nikinunua kitu nataka kujua kinanila kiasi gani kwa mwezi. Basi siku niliyomkuta marehemu pale gereji kwa mara ya kwanza, amechuchumaa mbele ya gari lake na kiganja chake juu ya boneti, nilimuuliza swali ambalo kwangu ni la kawaida kama kuuliza hali ya hewa. Nilimuuliza tangu alinunue gari lile limeshamla kiasi gani.

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza siri za chumbani. Halafu akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. "Weye ni mwana wa askari, inaonekana," alisema. "Unapenda mahesabu mingi. Kwetu hatuhesabake ngombe. Mutu akihesabu ngombe zake mbele ya batu, zinaanza kufa."

"Lakini hili ni gari, mzee."

"Njo ngombe yenye nilipata," akajibu.

Nilimgeukia fundi ili anisaidie kumcheka. Fundi hakucheka. Yeye ni Munyankore, kwao ni Kiruhura, kwenye ng'ombe wenye pembe ndefu, na baba yake hadi kufa hakuwahi kumwambia mtu idadi ya ng'ombe wake. "Mzee anasema kweli," aliniambia huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Hata sisi hatuhesabu. Mimi natengeneza motoka yake, leo analipa ya leo. Ile ya jana siwezi kumuhesabia. Ni mbaya." Kumbe kati ya mwenye gari na mtengeneza gari kulikuwa na mapatano ya kifugaji, ya watu wawili waliozaliwa katika nchi mbili tofauti, kwamba jumla ya gharama za Gaju haitatamkwa na yeyote kati yao. Kila ugonjwa ulilipiwa peke yake na kusahauliwa. Nimesikia makosa mengi ya kifedha maishani mwangu, na mengine nimeyafanya mwenyewe, lakini hili sijapata kuliona kwa watu wengine.

Wasomaji wangu wenye magari ya namna hiyo wanajua ninachozungumza. Gari kuukuu la bei nafuu lina hila moja: bei ya kulinunua ni ndogo kiasi kwamba unaliona kama bahati, unamshukuru Mungu, unawaita majirani. Bei ile ni kiingilio tu. Ukishaingia ndani, unakuta shokapu zimekufa zote nne kwa sababu ya barabara ya vumbi na mawe. Unabadilisha mbili, maana pesa ni ya mbili, na zile mbili kuukuu zinaziua zile mpya. Unaweka betri, kumbe kilichokufa ni stata. Unatengeneza stata, klachi inaanza kuteleza. Bushi zinaliwa, matairi yanakwenda upande, breki zinalia kama mbuzi, na bima nayo inangoja, na polisi barabarani wanaijua kadi ya bima iliyokwisha hata ukiwa mbali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotisha peke yake. Kila kimoja kinaonekana kuwa cha mwisho, na ndiyo maana watu wenye akili timamu wanaendelea kulipa.

Gaju alikuwa na hayo yote, na juu ya hayo alikuwa na ugonjwa wake mkubwa, nao ni joto. Marehemu alijaza rejeta maji ya ziwa la Nakivale, kwa sababu ndiyo maji yaliyokuwapo, na yale maji yana tope na chumvi zake. Mwaka hadi mwaka tope likaganda ndani ya vile vijibomba vyembamba mpaka maji yakawa hayapiti. Gari likawa linachemka. Linapochemka mara nyingi, kifuniko cha silinda kinapinda, gasket ya kuziba kati ya kifuniko na injini inaungua, maji yanaingia kwenye oili, oili inaingia kwenye maji, na moshi unatoka nyuma mweupe kama wa jiko la kuni mbichi. Fundi aliifungua injini ile, akanyoosha, akafunga. Baada ya muda akaifungua tena. Sitasema ni mara ngapi, kwa heshima ya marehemu.

Niliwahi kusafiri na Gaju, safari moja tu, na naikumbuka kuliko safari zangu za ndege. Gari langu mwenyewe lilikuwa limelala gereji, na nilitaka kufika Nakivale kwenye harusi ya mtoto wa mtu niliyesoma naye. Marehemu alikuwa anarudi kambini, akaniambia nipande. Tulijaa mle ndani, akina mama wa kanisani kwake, magunia, kuku wawili waliofungwa miguu, na mlango wa upande wangu ulioshikiliwa kwa kamba ya katani. Kilichonishangaza ni kwamba kila abiria alipanda na kidumu chake cha maji. Nilidhani ni maji ya nyumbani. Tulipofika katikati ya ule mlima mrefu wa upande wa Isingiro, wenye mashamba ya migomba huku na huku, sindano ya joto ikalala upande mwekundu, na Gaju akasimama mwenyewe. Hakuna aliyelalamika. Akina mama wakashuka kila mmoja na kidumu, mmoja akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, mwingine akavunja tawi la kuweka barabarani ili wenye magari wengine waone, wakakaa kwenye majani wakaanza kuimba pambio. Ndiyo ilikuwa nauli yao, nikaelewa: nusu pesa, nusu maji.

Marehemu alifungua boneti, hakugusa kifuniko cha rejeta. "Acha apumue kwanza," alisema. Akaweka mkono juu ya bati la kando, akawa analipapasa polepole na kusema maneno ya Kikwao ambayo sikuyaelewa. Nilikuwa na joto, nimechelewa harusi, nikamuuliza kwa nini asiutupe mkweche huu akanunua pikipiki. Hapo ndipo aliponiambia habari za ng'ombe wake. Alikuwa na kundi huko milimani, zizi aliloachiwa na baba yake, na vita vikaja vikalimaliza, ng'ombe wengine wakachinjwa mbele ya macho yake, wengine wakaswagwa wakaenda asikokujua. Alifika Nakivale na fimbo ya kuchungia, mke na watoto. Alilima shamba alilopewa, akauza maharage, akaweka akiba kidogokidogo, na alipopata ya kutosha hakununua ng'ombe, kwa sababu pale kambini malisho yalikuwa ya ugomvi. Akanunua Gaju. "Mutu wa kwetu asipokuwa na kintu ya kuamkia asubuhi, ya kuangalia kama imelala muzuri, anakuwa kama mutoto tu," alisema. "Mimi naamka, naenda kuangalia Gaju." Tulifika harusini keki ikiwa imekwisha kuliwa.

Kesho yake, kabla sijarudi mjini, nilipita nyumbani kwake kumshukuru. Yeye alikuwa kanisani. Mke wake alinipa kiti na uji, na tulipokwisha kuongea ya kuongea, akaniambia, "Papa, kuja nikuonyeshe kintu." Mama huyu si wa ukoo wa wafugaji. Baba yake alikuwa mkulima wa bondeni, mtu wa kupima na kugawa, na yeye mwenyewe alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mimi na Makenke yangu yote. Akanizungusha nyuma ya nyumba. Pale, kando ya migomba, kulikuwa na rundo. Ni kawaida ya mafundi wetu kumrudishia mwenye gari kipande cha zamani ili aone kuwa hakuibiwa, na marehemu alikuwa akivibeba vyote nyumbani, hakutupa hata kimoja. Marejeta yalikuwa yameegemeana, shokapu zimelala kama kuni, matairi yamejaa maji ya mvua, sahani za klachi, mabomba ya moshi, betri zilizopasuka, na gasket zimening'inizwa kwenye msumari ukutani.

"Hii fasi njo mashine yangu imelala," alisema, akinionyesha mahali pale penye rundo.

Nikamuuliza mashine gani, naye akanieleza. Kambini watu hupewa mahindi, na mahindi makavu hayaliwi bila kusagwa. Ilibidi wanawake wa upande wao watembee mbali kwenda kusaga, wakipanga foleni tangu alfajiri, na mwenye mashine akichukua sehemu yake kwenye kila debe. Yeye alitaka mashine ya kusaga, ndogo tu, pale pale karibu na kisima. Alikuwa amekwisha kupata mahali pa kuiweka. Kila mara walipokaribia, Gaju aliugua. Alinionyesha kwa kidole, bila kutaja bei hata moja, kwa sababu alikuwa anauheshimu mwiko wa mumewe ingawa haukuwa wake. "Ile radiateri, ile ya pembeni, ni mawe ya kusagia. Ile mipira yote ni mukanda. Ile njo nyumba ya mashine, mabati yake. Na ile ya juzi yenye iko na mafuta bado, njo moteri." Halafu akasema, "Mimi sina hasira naye. Anaipenda. Lakini batoto yangu banakula wapi, Papa? Banakula hii chuma?" Nikarudi kitini, nikanywa uji uliobaki. Nilijua kuwa nikimweleza mumewe hesabu ile atacheka tu na kuniita mwana wa askari.

Baadaye Gaju aliugua ule ugonjwa wa mwisho. Fundi aliniita nije nione: silinda zimekwanguka, kifuniko kimepasuka, na moshi umegeuka kuwa wa buluu. Alimwambia marehemu mbele yangu kwamba sasa hakuna la kunyoosha, inatakiwa injini nyingine nzima. Marehemu alitikisa kichwa taratibu na kuuliza maswali machache. Akalivuta gari kwa kamba, nyuma ya lori la ndizi, mpaka Nakivale, na kwa majuma mengi hatukumwona mjini. Nilidhani anatafuta injini. Mkewe, nilikuja kujua, alidhani hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza alikuwa amelia mbele yake. Hakubishana naye wala hakuhesabu chochote. Alisema tu kuwa amechoka.

Kisha nikapata ujumbe kwamba marehemu ananihitaji Jumapili baada ya ibada, mimi na fundi, tuje tukiwa tumevaa vizuri. Tulimkuta uani na mchungaji wake, wazee wawili wa kanisa, majirani, na mabakuli ya maziwa ya mgando. Gaju alikuwa ameoshwa akang'aa, amesimama mbele ya nyumba kwenye magurudumu yaliyojazwa upepo. Marehemu alivaa koti lake la ushemasi. Alitushukuru kwa kuja, akaeleza, kwa ajili yangu na fundi, kwamba kwao mtu akitaka kumheshimu mtu kweli humpa ng'ombe. Anampa mbele ya mashahidi, kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo ng'ombe ni wa yule aliyepewa. Aliyetoa haulizi tena amelala wapi, amekamuliwa, ameuzwa au amechinjwa. Kuuliza ni aibu. Aliyepewa, siku akijaliwa, humrudishia mwenziwe ndama wa shukrani.

Halafu akamwita mke wake. Akatoa ufunguo mfukoni, akaushika kwa mikono yote miwili. "Mama," alisema, "tumetembea na weye tangu kwetu mupaka hapa. Sijakupatiaka ngombe hata moja, juu ngombe ziliisha. Leo nakupatia Gaju. Ni yako. Ufanye yenye unaona. Mimi sitauliza." Mama aliupokea ufunguo akiwa amepiga magoti, na akakaa hivyo, kichwa chini, kwa muda mrefu kuliko desturi. Fundi kando yangu alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye oili isiyotoka. Nilielewa kilichokuwa kinatendeka. Mtu yule asingeweza kumuuza Gaju kwa wavunja magari. Kumuuza kungekuwa kuchinja kundi lake tena, mara hii kwa mkono wake. Lakini kumpa mke wake aliweza, na alijua vizuri sana mke wake atafanya nini. Alitafuta katika desturi zake zote mlango mmoja uliomwezesha kufanya lililo jema bila kuvunjika, akaupata, akapita akiwa amesimama wima.

Mama aliliuza gari kabla mwezi haujaisha, kwa mvunja magari wa hapa Mbarara, likagawanywa milango huku na viti kule. Akaongeza akiba yake na ya dada wa kanisani, akanunua mashine. Siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza, unga wa kwanza haukuuzwa. Aliukinga kwenye ungo, akaubeba mpaka alipokaa mume wake, akapiga goti. "Ndama yako ni hii," akamwambia. Marehemu mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na kila aliposimulia alirudia maneno yale mara mbili. Na alitimiza ahadi. Safari moja tulikuwa tunavuka barabara mjini, ikapita teksi nyeupe yenye mlango mmoja wa kahawia, wenye mkwaruzo ambao mimi na yeye tuliujua. Nilimwona akiuona. Aligeuza uso upande wa maduka, akaniuliza kama mvua itanyesha.

Sasa nirudi kwa wale wa makoti. Baada ya mazishi, watu walipopungua, nilikwenda kumpa mjane pole yangu, na kwa kuwa sina uvumilivu nikamwambia nimesikia waliyoyasema na kwamba nitawajibu. Akanizuia kwa mkono. "Acha, Papa. Mimi nikiwa na kilio sitabishana na batu benye banasagia kwangu." Kweli, wawili kati ya wale watatu ni wateja wake. Nikamuuliza kama maneno yale yanamuumiza. Akanieleza habari ya safari ile ya Jumapili ya kumpeleka mumewe hospitali, na akaniruhusu kuiandika.

Gari la kukodi lilichelewa, ni kweli, kwa sababu lilitoka mbali. Lilikuwa gari zima, jipya kwa macho ya kambini. Walimlaza marehemu kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mke wake, akiwa amefumba macho na pumzi inasikika. Mama alikuwa anawaza lile lile ambalo wanaume wale wangekuja kulisema. Alikuwa anajihukumu mwenyewe, barabara nzima, kwamba Gaju angekuwapo uani asubuhi, wangeondoka mapema. Wakafika kwenye ule mlima wa Isingiro. Gari likabadilisha gia, likaanza kupanda, likapanda bila kusita na bila kukohoa, migomba ikipita dirishani. Marehemu akafumbua macho. Alisikiliza injini kidogo, kama alivyozoea kusikiliza. "Hii inapanda muzuri," akasema. "Gaju angetulalisha hapa." Akatafuta mkono wa mke wake, akaushika, na hawakusema jambo jingine mpaka Mbarara. Alifika hospitali akiwa hai, akapokelewa, akatibiwa usiku ule, na asubuhi akaenda zake akiwa na watu wake.

Mimi, niliyekulia penye kuhesabu, naongeza ushahidi wangu: katika miaka yake ya mwisho gari lile halikupata kuupanda mlima ule bila kusimama, na siku Mama alipolipokea halikuweza hata kutoka uani kwa nguvu zake lenyewe. Gari wanalolililia wanaume wale halikuwapo tena. Lililokuwapo lilikuwa bati, na mzigo wa mwanamke. Na ninaona kuwa sisi tuliobaki tuna tabia hii mbaya: mtu akifa tunatafuta kitu ambacho kingemwokoa, tunakisafisha akilini mpaka kinang'aa, halafu tunamtafuta aliyekiuza. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi alikiuza ili tule. Mtu akikupa kitu chake kwa mikono miwili, mbele ya watu, nawe ukakifanyia lililo jema, hujamwibia wala hujamuua. Marehemu alilijua hilo, na pale mlimani, akiwa na pumzi chache, alizitumia kulisema. Wengine wote tunaweza kunyamaza.